Mchoro uliotumwa bila fonti zake haujakamilika

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako ya barua za wasomaji ili nizungumze na wahandisi washauri, wasanifu majengo, makandarasi, ofisi za halmashauri na mafundi michoro wenzangu kuhusu jambo ambalo wengi hulichukulia kuwa dogo, nalo ni fonti, yaani mafaili yenye maumbo ya herufi, zinazokosekana pale faili la mchoro linapofunguliwa kwenye kompyuta nyingine. Kazi yangu ni kuchora ramani na michoro ya ujenzi kwa kompyuta hapa Tabora mjini, na kwa jinsi mkoa wetu ulivyo hivi sasa tatizo hili limekua. Mikataba ya reli ya kisasa inayopita kwetu imewaleta makandarasi wa Kituruki na wa Kichina, maji ya Ziwa Victoria yamefikishwa Igunga, Nzega na Tabora kwa mkopo kutoka India, na kila mradi mkubwa huzaa kazi nyingi ndogo za maghala, nyumba za watumishi, vivuko na matangi, ambazo michoro yake huanzia mbali na kuishia kwenye kompyuta ya fundi wa hapa. Kadiri mchoro unavyosafiri kutoka mbali, ndivyo uwezekano unavyoongezeka kwamba utafika ukiwa umeacha herufi zake nyuma.

Inafaa kwanza ieleweke kwa nini jambo hili hutokea. Mistari ya mchoro, yaani kuta, nguzo, mabomba na mipaka ya viwanja, huhifadhiwa ndani ya faili la DWG, yaani faili la mchoro wa kompyuta, pamoja na vipimo vyake, kwa hiyo mstari wa mita sita uliochorwa Dodoma utabaki wa mita sita ukifunguliwa Kaliua. Maandishi hayahifadhiwi hivyo. Faili hubeba namba zinazowakilisha herufi zilizoandikwa, jina la mtindo wa maandishi, na jina la faili la fonti ambalo mtindo huo unalitegemea. Maumbo ya herufi zenyewe hayamo. Kompyuta inayopokea ndiyo inayotakiwa kuwa na fonti hiyo, na isipokuwa nayo, programu huchukua fonti nyingine yoyote iliyoelekezwa na kuandika kwa hiyo, au huweka alama za kuuliza pale inaposhindwa. Michoro ya zamani iliyoandikwa kwa mkono, kama ile ya enzi za ujenzi wa Reli ya Kati iliyofika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, haikuwa na hatari hii, kwa sababu herufi zilikuwa wino uleule uliochora mistari, na aliyeweza kuuona ukuta aliweza pia kusoma kipimo chake.

Katika AutoCAD, ambayo ndiyo programu inayotumika zaidi katika ofisi ninazozifahamu, kuna aina mbili za fonti, na kuzichanganya ndiko chanzo cha nusu ya usumbufu wote. Aina ya kwanza ni fonti za TrueType, zenye faili linaloishia na TTF, ambazo ni zilezile zinazotumika kuandikia barua. Hizi huwekwa ndani ya Windows na kutumiwa na programu zote. Aina ya pili ni fonti za SHX, ambazo ni za AutoCAD yenyewe na za programu zinazofanana nayo. AutoCAD ilitoka mwezi Desemba 1982, wakati michoro ilipokuwa ikichapwa na plota zilizoshika kalamu halisi na kuisogeza juu ya karatasi, kwa hiyo herufi ilibidi iwe mstari mmoja unaoweza kufuatwa na ncha ya kalamu, si umbo nene la kujazwa wino. Ndiyo maana fonti kama txt, simplex na romans zina herufi nyembamba kama waya. Plota za kalamu zimekwisha kuondoka, lakini fonti hizo zimebaki kwa sababu ni nyepesi, hazipunguzi kasi ya kompyuta, na zinasomeka hata mchoro ukichapwa kwa udogo. Windows haizitambui kabisa, na ukijaribu kuziweka humo kama unavyoweka TrueType utapoteza muda wako.

Ndani ya hiyo aina ya pili kuna tawi ambalo ni lazima litajwe peke yake, yaani fonti kubwa zilizotengenezwa kwa ajili ya Kichina, Kijapani na Kikorea, lugha ambazo zina maelfu ya alama na haziwezi kuenea katika fonti ya kawaida. Mtindo mmoja wa maandishi katika mchoro wa Kichina huwa na fonti mbili kwa pamoja, moja ya herufi za Kilatini na namba, nyingine ya alama za Kichina. AutoCAD huja na baadhi ya fonti hizo, kama gbcbig, lakini ofisi nyingi za China hutumia nyingine ambazo haziji na programu, na maarufu kati yake ni hztxt. Fundi wa Tabora anayefungua mchoro wa namna hiyo huona mistari yote imetulia mahali pake, na palipokuwa na maelezo anakuta safu za alama za kuuliza.

Nimesikia wenzangu wakisema kwamba hilo si tatizo, kwa kuwa Kichina chenyewe hatukisomi. Hoja hiyo ni ya hatari, na nitaeleza kwa nini kwa mfano wa ghala la kuhifadhia tumbaku, ambalo sitataja mahali lilipo wala mwenye kazi. Michoro yake ya zege ilitoka kwa mbunifu aliye nje ya nchi ikiwa katika faili la DWG peke yake. Ilipofunguliwa kwenye kompyuta ya saiti, kila mahali palipotakiwa kuwa na alama ya aina ya nondo palikuwa na alama ya kuuliza, ikifuatiwa na namba 16 au 12 na nafasi kati ya nondo na nondo. Katika michoro ya Kichina alama hiyo ni sehemu ya hesabu. Mchoraji huandika %%130, %%131 au %%132, na fonti maalumu ya wahandisi wa majengo huigeuza kuwa alama ya daraja la chuma, ya kwanza ikiwa ni ya nondo laini na zinazofuata zikiwa za nondo zenye mbavu na nguvu zaidi. Nondo laini za daraja la HPB300 huhesabiwa kuanza kuvutika bila kurudi zinapofikia mkazo wa megapaskali 300, na zenye mbavu za HRB400 zinapofikia megapaskali 400. Anayenunua za kwanza mahali pa zile za pili amepunguza robo ya nguvu ya chuma ndani ya nguzo, ilhali kipenyo ni kilekile na idadi ni ileile, na zaidi ya hapo zege hushika nondo laini kwa udhaifu kuliko nondo zenye mbavu. Fundi nondo alikwisha kuandika orodha ya manunuzi kwa kukisia. Kilichookoa kazi ile ni mhandisi wa saiti, ambaye alikataa kusaini orodha mpaka alipopata nakala ya PDF kutoka kwa mbunifu mwenyewe.

Wachina hawako peke yao katika hili. AutoCAD ina alama zake za kawaida, %%c kwa kipenyo, %%d kwa nyuzi na %%p kwa kuongeza na kupunguza, na fonti zinazokuja na programu zinazifahamu zote. Lakini fonti nyingine zilizotengenezwa na ofisi au watu binafsi hazina alama hizo, au zimeziweka kwenye namba tofauti, na hapo ndipo usawa wa sakafu ulioandikwa ±0.000 au mwelekeo wa mpaka wa kiwanja uliopimwa kwa nyuzi na dakika unapopoteza alama inayoupa maana. Jina la Kituruki lenye ş au ğ likipotea herufi, hasara ni ndogo na anayelisoma atalielewa. Kipimo kikipotea alama, anayekisoma atakisia, na kazi ya ujenzi haikuwekewa nafasi ya kukisia.

Hata pale ambapo kila herufi inaonekana, fonti ya kubadilishia inaweza kuleta madhara, kwa kuwa upana wa herufi hautoshani kati ya fonti moja na nyingine. Maelezo yaliyokuwa yameenea vizuri ndani ya jedwali la milango na madirisha hufurika na kuingia safu ya jirani, namba ya kipimo hulalia mstari, na aya iliyokuwa na mistari minne huwa na sita na kuufunika mchoro ulio chini yake. Nimeona jedwali ambalo urefu wa dirisha moja ulisomeka kama upana wa dirisha linalofuata.

Sasa nije kwenye utatuzi, kwa sababu lalamiko lisilo na njia ya kutokea halimsaidii fundi aliyeko Sikonge au Urambo mwenye kazi ya kukabidhi kesho yake. AutoCAD inapofungua mchoro usio na fonti zake za SHX hutoa dirisha la onyo na kuuliza kama unataka kuchagua fonti za kubadilishia au kupuuza na kuendelea. Wengi hubonyeza kupuuza kwa mazoea, na kuanzia hapo hawajui tena ni nini kilichokosekana. Nawasihi waache mazoea hayo. Sahihi ni kuandika majina ya mafaili yanayotajwa kabla ya kufanya jambo lolote, na kama dirisha limekwisha kufungwa, kitufe cha F2 hufungua kumbukumbu ya maandishi ambamo programu imeandika ni fonti gani imewekwa mahali pa fonti gani. Kwa fonti za TrueType onyo la namna hiyo halitoki. Programu hubadilisha kimyakimya, na ni kwa kufungua dirisha la amri ya STYLE na kupitia mtindo mmoja baada ya mwingine ndipo utaona ni fonti ipi mchoro unaitaka na kompyuta yako haina.

Kuna dalili moja ambayo huwachanganya vijana wengi, na inastahili kutenganishwa na hizo nyingine. Ikiwa maneno yote yamegeuka alama za kuuliza, fonti nzima imekosekana au fonti kubwa haikuwekwa. Ikiwa neno zima linasomeka isipokuwa herufi moja, basi fonti ipo, ila haina umbo la herufi hiyo. Kata yetu ya Ng'ambo ni mfano mzuri: jina hilo likinakiliwa kutoka Word, ambayo hugeuza kibainishi kuwa kile kilichopinda, fonti nyingi za SHX hulionyesha kama Ng?ambo, kwa sababu kibainishi kilichopinda hakimo ndani yake. Hapo huhitaji kutafuta fonti yoyote. Futa alama hiyo na uiandike upya kwa kibodi ukiwa ndani ya AutoCAD. Kwa bahati njema Kiswahili chetu hakitumii herufi zenye vialama juu wala chini, kwa hiyo maelezo yaliyoandikwa kwa Kiswahili husomeka vizuri karibu katika fonti yoyote.

Ukishajua jina la fonti, wa kwanza kuombwa ni aliyetuma mchoro. Hii ndiyo njia fupi kuliko zote na ndiyo salama, maana ana faili lenyewe lililotumika. Mafaili ya SHX ni madogo, mengi yake hayafiki hata megabaiti moja, na yanaweza kutumwa kwa barua pepe au WhatsApp hata pale ambapo mtandao ni wa kusuasua. Kuna sababu nyingine ya kumwomba mwenyewe: mafaili mawili yanaweza kuwa na jina moja na maumbo tofauti ndani, kwani ofisi nyingi zimekuwa zikizirekebisha fonti hizi kwa mahitaji yao bila kuzibadilisha majina, na AutoCAD hutumia ile inayoikuta kwanza katika njia zake za kutafutia. Fonti yenye jina sahihi lakini isiyo ile inaweza kukupa alama isiyo sahihi bila onyo lolote, na hilo ni baya kuliko alama ya kuuliza, ambayo angalau inakiri kwamba kuna kitu kimepungua.

Sishauri kabisa kuzoa mafurushi ya fonti kutoka tovuti zisizojulikana. Mwaka 2012 kampuni ya usalama wa kompyuta ya ESET ilitangaza kirusi kilichopewa jina ACAD/Medre.A, kilichokuwa kimeenea zaidi nchini Peru, ambacho kiliandikwa kwa lugha ya AutoLISP iliyo ndani ya AutoCAD na kilikuwa kikituma michoro ya watu kwa barua pepe kwenda China. Kiliingia kupitia faili dogo lililokaa katika folda moja na michoro. Kwa hiyo ukipokea folda yenye fonti, toa humo mafaili ya SHX na TTF peke yake, na faili lolote la LSP, FAS au VLX, yaani la amri za AutoLISP, ambalo hukuliomba usiliguse. Vilevile zipo fonti zinazouzwa, na ofisi inayozitumia inapaswa kuzilipia kama inavyolipia programu.

Faili la TTF huwekwa kwa kubofya kitufe cha kulia cha kipanya na kuchagua kuliweka kwa ajili ya watumiaji wote. Nasisitiza maneno hayo ya mwisho, kwa sababu katika Windows 10 ya miaka ya karibuni chaguo la kawaida huweka fonti kwa mtumiaji mmoja tu, katika folda ambayo AutoCAD mara nyingi haiioni, na fundi hubaki akishangaa fonti inayoonekana ndani ya Word lakini haionekani kwenye mchoro. Chaguo la watumiaji wote huhitaji nywila ya msimamizi wa kompyuta, na katika ofisi ambazo nywila hiyo iko kwa mtu mmoja aliyeko makao makuu, naomba wakuu wa ofisi walione hili kuwa hitaji la kazi. Faili la SHX hunakiliwa ndani ya folda inayoitwa Fonts iliyo ndani ya folda ya AutoCAD yenyewe, au, na hivi ndivyo ninavyopendelea, huwekwa katika folda ya pembeni uliyoitengeneza mwenyewe, kisha ukaijulisha programu kupitia amri ya OPTIONS, katika ukurasa wa mafaili, kwenye orodha ya njia za kutafutia mafaili ya msaada. Faida yake ni kwamba ukibadilisha toleo la programu folda yako inabaki salama, na kompyuta zote za ofisi zinaweza kuelekezwa kwenye folda hiyohiyo. Kisha funga programu na uifungue upya. Kuuchora upya mchoro uliokwisha kufunguka hakutoshi.

Kuna mtego mmoja mdogo. Siyo kila faili la SHX ni fonti. Mengine ni mafaili ya maumbo yanayotumika kuchorea aina za mistari, kwa mfano mstari wenye vijiduara au mistari ya zigizagi, na linalojulikana zaidi ni ltypeshp.shx. Ukiliwekea faili la namna hiyo fonti ya kulibadilisha hutaona mafanikio, na onyo litaendelea kutokea kila unapofungua mchoro mpaka faili lenyewe lipatikane.

Ikiwa mwenye mchoro hapatikani, ndipo kubadilisha kunaporuhusiwa, lakini kwa utaratibu. Programu ina kigezo kinachoitwa FONTALT, ambacho hutaja fonti ya akiba, na kwa kawaida ni simplex.shx, hiyo hutumika kwa kila kinachokosekana, bila kuchagua. Bora zaidi ni faili la acad.fmp, linaloelekezwa na kigezo cha FONTMAP, ambalo ni orodha ya maandishi ya kawaida inayoweza kufunguliwa kwa Notepad. Katika kila mstari huandikwa jina la fonti inayokosekana, nukta-mkato, kisha jina la fonti ya kuweka mahali pake, kwa mfano hztxt.shx;gbcbig.shx. Ubora wa njia hii ni kwamba mchoro wenyewe haubadilishwi hata kidogo. Ni kompyuta yako tu inayousoma kwa namna nyingine, na ukiurudisha kwa mwenyewe atauona kama alivyouacha. Anayeingia kwenye STYLE na kubadilisha fonti moja kwa moja amebadilisha waraka wa mhandisi mwingine, na mimi naona kwamba hilo halipaswi kufanyika bila ruhusa yake, hasa pale mchoro unapobeba jina lake na utakaposubiri mhuri wake.

Hayo yote ni ya kutibu. Wanaoweza kuzuia ni wale wanaotuma, na kwao ndiko ninakoelekeza ombi langu kubwa. AutoCAD ina amri ya ETRANSMIT, ambayo hukusanya mchoro pamoja na michoro mingine iliyounganishwa nao, picha zake na fonti zake, na kuvifunga vyote katika furushi moja. Hakikisheni kisanduku cha kujumuisha fonti kimewekewa alama kabla ya kutuma, kwa sababu bila alama hiyo furushi litaondoka bila herufi na hakuna atakayejua mpaka lifunguliwe huku. Wanaotumia Revit na ArchiCAD, programu nyingine za kuchorea majengo, hutegemea fonti zilizowekwa katika kompyuta yenyewe, kwa hiyo nao wanapaswa kutaja walizotumia na kuhakikisha mpokeaji anazo. Na kila faili la DWG liambatane na nakala ya PDF. PDF haitoshi peke yake, maana hatuwezi kuichora zaidi wala kuitolea vipimo kwa uhakika, lakini inabeba maumbo ya herufi kama aliyetuma alivyoyaona, na panapotokea shaka ndiyo inayoonyesha mbunifu alikusudia nini.

Kwa michoro inayoanzia hapa nyumbani sioni sababu ya kutumia fonti za mbali. Fonti za romans, simplex na isocp huja na AutoCAD, na ya mwisho imetengenezwa kufuata kiwango cha kimataifa cha maandishi ya michoro, ISO 3098, kiwango kilekile kinachotoa vimo vya herufi vya milimita 2.5, 3.5, 5 na 7 ambavyo wengi wetu tulifundishwa kwa kalamu na karatasi. Arial huja na Windows. Jengo la shule au zahanati haliongezewi thamani na fonti ya mapambo ambayo ofisi nyingine yoyote mkoani haina.

Kuna hatua moja ya mwisho ambapo mchoro mzuri huharibika, nayo ni steshenari. Watu wengi hapa mjini hupeleka faili la DWG kwenye flashi ili lichapwe kwa karatasi ya A1, na kompyuta ya mwenye plota haina fonti zilizotumika. Anayechapa hajui mchoro ulivyotakiwa kuonekana, naye hana kosa. Pelekeni PDF iliyotolewa kwenye kompyuta iliyochora, na mhandisi asitie saini wala mhuri juu ya karatasi kabla ya kuilinganisha na PDF hiyo, angalau majedwali ya nondo na maelezo ya pembeni.

Halmashauri zinazopokea michoro kwa ajili ya vibali vya ujenzi, na taasisi zinazotangaza zabuni, zinaweza kuweka sharti moja tu lisilo na gharama, kwamba kila mchoro wa kielektroniki uwasilishwe ukiwa na PDF yake na furushi lenye fonti zake. Bodi za usajili wa wahandisi, wabunifu majengo na makandarasi zinaweza kuliweka hilo katika miongozo yao. Vyuo vyetu vya ufundi, vikiwemo vya VETA, vina vijana wanaojua kuchora kwa kasi ya kutia moyo. Wafundishwe pia namna ya kukabidhi walichochora, na mtihani wa vitendo uwe ni kufungua kazi ya mwanafunzi mmoja kwenye kompyuta ya mwingine.

Jambo linalobaki ni kumbukumbu. Ofisi nyingi zina michoro ya miaka ishirini au zaidi iliyohifadhiwa kwenye CD na diski za zamani, ya majengo ambayo yanaendelea kutumika na yatahitaji kukarabatiwa, na wale waliochora wengine wamehama na wengine wamestaafu. Fonti zao bado zimo katika kompyuta kuukuu zilizorundikwa stoo zikisubiri kuuzwa kwa mnada. Naziomba ofisi hizo, kabla ya kuziuza au kuzifuta, zinakili folda ya Fonts ya AutoCAD na faili la acad.fmp kutoka katika kila moja ya kompyuta hizo, na kuviweka katika folda moja na michoro iliyochorwa kwa kompyuta hiyo.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Mchoraji wa ramani,
Isevya, Tabora